UZI: Kinara akipigwa nyumbani na timu inayovuta mkia, ubingwa umeenda ama bado?

#1 Kalamu_Nyekundu (Buruburu)
Wadau, hamjambo. Sitaji timu wala ligi, maana nikitaja tu, uzi utageuka vita vya Ingwe (AFC Leopards) na K'Ogalo (Gor Mahia) kabla ya jibu la tatu. Chukulieni hivi: ligi ya timu 18, mechi 34. Kinara amecheza 24, ana pointi 52. Anayemfuata ana 47. Raundi ya 25 kinara anazabwa 1-0 nyumbani na timu iliyo nafasi ya 17, na yule wa pili anashinda yake. Sasa ni 52 kwa 50, zimebaki mechi tisa, na mojawapo ni ya wao kwa wao.

Kipigo cha namna hiyo kinaua mbio za ubingwa, ama ni kelele za mashabiki? Nataka hesabu na mifano. "Mpira unadunda" tumeshasikia.

#2 Damu_ya_Ingwe
Umeenda huo. Timu ya kubeba kombe haifungwi kwake na timu inayopigania isishushwe daraja. Ukishaonyesha kidonda, kila mtu atakutonesha. Raundi zinazofuata kila mgeni atakuja na mabeki watano, ataanza kupoteza muda dakika ya kumi, angoje kona moja. Na wachezaji nao ni binadamu. Pasi waliyokuwa wakiipiga bila kufikiri sasa wanaifikiria mara mbili, na ukifikiria mara mbili beki ameshafika.

#3 Hesabu_za_Umoja
Kalamu, shika kikokotoo. Gawanya pointi kwa mechi zilizochezwa, kisha zidisha kwa 34.

Kabla ya kipigo: kinara 52 kwa 24 ni 2.17 kila mechi, anaelekea pointi 74. Wa pili 47 kwa 24 ni 1.96, anaelekea 67. Pengo la makadirio ni 7.

Baada ya raundi ya 25: kinara 52 kwa 25 ni 2.08, anaelekea 71. Wa pili 50 kwa 25 ni 2.00, anaelekea 68. Pengo limebaki 3.

Kwa hiyo siku moja imekula zaidi ya nusu ya akiba, lakini mwenye akiba bado ni yeye. Makadirio haya ni ya juu juu, lazima uangalie nani amebakiza mechi gani na wapi. Hata hivyo yanakuzuia kulia kabla ya msiba.

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki hawalipendi. Kufungwa kunakunyima pointi 3. Sare inakunyima 2. Ukitoka sare mara mbili umepoteza 4, yaani zaidi ya kipigo kimoja, na hakuna mtu atakayekufungulia uzi wa kukuombolezea. Msimu wa 2018/19 Manchester City walifungwa mechi NNE za ligi: Chelsea, Crystal Palace (3-2, tena kwao Etihad), Leicester siku nne tu baada ya Palace, na Newcastle tarehe 29 Januari. Liverpool walifungwa moja. Nani alibeba? City, 98 kwa 97. Liverpool walishinda 30, sare 7, kipigo 1. City walishinda 32, sare 2, vipigo 4. Baada ya Newcastle, City walishinda zote 14 zilizobaki.

Sare saba ni pointi 14 zilizomwagika. Hizo ndizo zilizowaumiza Liverpool.

#4 Mama_Derby
Hesabu, kuna kitu umekiruka hapo. Kile kipigo kimoja cha Liverpool kilitoka kwa nani? City wenyewe, 2-1, Etihad, 3 Januari 2019. John Stones aliuondoa mpira mstarini ukiwa umebakiza kama sentimita moja kuvuka wote. Mechi ile ingeisha sare, Liverpool wanamaliza na 98 na City 96, na uzi huu tungeuandika kwa namna nyingine.

Palace, Leicester na Newcastle waliwapiga City, lakini hawakuwa na habari na ubingwa, kwa hiyo City walipoteza pointi tatu tatu basi. Ukifungwa na yule mnayegombea naye, wewe unakosa tatu na yeye anaokota tatu. Tofauti kati ya kushinda na kufungwa hapo ni pointi sita.

Ndiyo maana kwangu mimi jambo la kwanza kuuliza ni nani amekufunga na anaelekea wapi. Uhispania walipigwa 1-0 na Uswisi kwenye Kombe la Dunia pale Durban, 16 Juni 2010, bao la Gelson Fernandes. Uswisi hao hao wakafungwa na Chile, wakatoka sare na Honduras, wakarudi nyumbani kutoka makundini. Saudia waliwafunga Ajentina 2-1 mwaka 2022, kisha wakafungwa na Poland, wakafungwa na Mexico, wakavuta mkia wa kundi. Aliyekuangusha akianguka mwenyewe, kipigo chako kinapungua bei.

#5 Damu_ya_Ingwe
Mnaniletea waliopona tu. Waliokufa mbona hamuwataji?

Liverpool 2013/14. Tarehe 27 Aprili 2014 wanaongoza ligi na wamebakiza mechi tatu. Chelsea wanakuja Anfield, Gerrard anateleza, Demba Ba anafunga, Willian anamalizia. 2-0. City wakamaliza na 86, Liverpool 84.

Arsenal 2023/24. Tarehe 14 Aprili 2024 wanapigwa 2-0 na Aston Villa kwao Emirates. Zimebaki mechi sita. Wanashinda zote sita! Bado City wanabeba, 91 kwa 89. Niambieni hiyo si kufa kwa kipigo kimoja.

#6 Hesabu_za_Umoja
Mzee, hiyo mifano yako yote miwili ni ya Aprili. Mwezi wa nne unalipia deni la mwezi wa nane. Arsenal hao hao walifungwa na West Ham kwao tarehe 28 Desemba na Fulham tarehe 31 Desemba 2023, mechi mbili mfululizo, 2-0 na 2-1. Pointi zile zina uzito sawa na za Villa. Tofauti ni kwamba baada ya Desemba kulikuwa na nusu msimu ya kungoja mwenzako ateleze. Baada ya Villa zilibaki sita na City hawakuteleza hata moja.

Kwa hiyo weka mambo mawili kwenye mizani: mechi ngapi zimebaki, na mpinzani wako hudondosha pointi mara ngapi. Kama hudondosha kila baada ya mechi tatu, mechi tisa zinakupa nafasi tatu za kurudishiwa. Kama ni mashine isiyodondosha, kipigo cha Oktoba na cha Aprili vinauma sawasawa, ila cha Oktoba huhisi maumivu yake hadi Mei.

Upande wa pili kuna Liverpool 2019/20. Walikuwa wamecheza mechi 44 za ligi bila kufungwa, Watford wakawatandika 3-0 tarehe 29 Februari 2020. Gazeti gani halikupiga kelele? Walikuwa mbele kwa pointi 22. Walimaliza na 99, City 81.

#7 Kijana_wa_Dandora
Na Yanga je? Mechi 49 za ligi bila kufungwa, Ihefu wakawakata 2-1 Novemba 2022. Wakabeba ubingwa. Msimu uliofuata, Oktoba 2023, Ihefu tena, 2-1 tena. Yanga wakabeba tena. Mtu akiniambia kufungwa na timu ndogo ni mkosi, namwonyesha Yanga.

#8 Benchi_la_Ufundi
Nimesoma yote. Hesabu mmezipiga vizuri, lakini Damu ana hoja ambayo hamjaijibu: wapinzani wataona dawa. Hilo ni kweli kwa baadhi ya vipigo, na kwa vingine ni uongo. Kocha anatakiwa kujua ni kipi kati ya hivi vitatu kabla hajagusa kikosi.

Cha kwanza ni kile ambacho timu ilicheza vizuri, nafasi zikaja, mpira ukakataa kuingia. Usihesabu umiliki wa mpira, huo hudanganya sana, hasa mpinzani akikuachia makusudi. Hesabu mashuti ya ndani ya boksi, hasa yale ya kati ya upana wa goli, na mara ambazo mshambuliaji wako alibaki na kipa peke yake. Ukiona umepata mengi kuliko kawaida yako na yeye amepata moja au mbili, kikosi kiache. Uhispania 2010 walikuwa hapo. Xabi Alonso aligonga mwamba na bado wakatoka sifuri. Nchi nzima ikamtaka kocha Vicente del Bosque atoe mmoja kati ya Busquets na Alonso, eti viungo wawili wa kukaba ni woga. Hakutoa. Mechi ya Honduras aliwaingiza Torres na Navas pale walipokuwa Silva na Iniesta, na Iniesta alikuwa na jeraha. Wakashinda 2-0, wakaifunga Chile 2-1, halafu Ureno, Paraguay, Ujerumani na Uholanzi kila mmoja 1-0. Ndiyo timu ya kwanza kubeba Kombe la Dunia baada ya kufungwa mechi ya ufunguzi.

Cha pili ni pale mpinzani alipoona tundu. Hapo ukikaa kimya, Damu atakuwa sahihi kabisa. Ajentina dhidi ya Saudia: kocha wa Saudia, Hervé Renard, aliupandisha mstari wa mabeki karibu na katikati ya uwanja. Kipindi cha kwanza Ajentina walifunga mabao matatu yaliyokataliwa kwa kuotea, zaidi ya ile penalti ya Messi ya dakika ya 10. Kipindi cha pili Al-Shehri dakika ya 48, Al-Dawsari dakika ya 53, basi. Dawa ya mstari wa juu ni mkimbiaji anayetoka nyuma, yaani kiungo au beki wa pembeni anayeanza mbio akiwa upande wake wakati mshambuliaji anarudi kuwavuta mabeki. Mshambuliaji aliyesimama sambamba na beki akingoja pasi ataotea siku nzima. Kocha wa Ajentina, Scaloni, alibadilisha watano mechi ya Mexico: Montiel, Lisandro Martínez, Acuña, Guido Rodríguez na Mac Allister wakaanza. Mechi ya Poland akawaanzisha Enzo Fernández na Julián Álvarez, na hao wawili hawakutoka tena hadi fainali. Angalia vizuri: hakubadilisha kwa hasira. Alibadilisha miguu ya kati na ya pembeni, akaacha kipa, Otamendi, De Paul, Di María na Messi mahali pao.

Cha tatu ni miguu mizito. Timu imecheza mechi tatu ndani ya siku nane, kikosi ni kile kile, bao linaingia dakika za mwisho kwa sababu beki wa pembeni hawezi kurudi. Kipigo hiki hakihitaji mkutano wala mahubiri, kinahitaji wachezaji wengine.

Wiki baada ya kipigo huenda hivi kwenye timu zinazojielewa. Siku inayofuata, waliocheza zaidi ya saa moja hufanya mazoezi mepesi ya kurudisha miguu, na waliokaa benchi hupewa mazoezi kamili ili wasibaki nyuma kwa pumzi. Siku ya pili, video, na iwe fupi, dakika 15 hadi 20, klipu za makosa zisizidi tano au sita, na mbili za mambo mazuri. Ukiwaonyesha mechi nzima unawafundisha kuogopa. Katikati ya wiki ndiyo kazi kubwa: tundu lile lile linachezwa tena uwanjani, nusu uwanja, wanane kwa wanane, hadi lizibike. Siku ya mwisho ni kona na faulo.

Kosa linaloua ni kocha kubadilisha mfumo mzima ili kuwafurahisha mashabiki. Timu iliyozoea mabeki wanne ukiipeleka kwenye watatu kwa mazoezi ya siku nne, umeongeza kipigo cha pili juu ya cha kwanza.

#9 Damu_ya_Ingwe
Sasa hapo tunaelewana. Lakini tundu la kinara mara nyingi ni moja: mabeki wote wawili wa pembeni wanapanda, mpira unapotea, wanabaki wawili kwa wawili. Timu ya nafasi ya 17 haihitaji kitu kingine.

#10 Benchi_la_Ufundi
Kweli kabisa. Ukishambulia, wabaki watatu nyuma ya mpira kila wakati: mabeki wa kati wawili na kiungo mmoja wa kukaba. Beki wa kushoto akipanda, wa kulia anakaa. Na mpira ukipotea, wale walio karibu wana sekunde chache za kuukaba hapo hapo. Wakishindwa, faulo ya mapema katikati ya uwanja, kabla mtu hajafika kasi. Ila angalieni kadi. Ligi ya Uingereza, kwa mfano, njano tano kabla ya timu kumaliza mechi 19 zinakufungia mechi moja. Kiungo wako wa kukaba akiwa na nne, humwambii acheze faulo hiyo wiki moja kabla ya derby.

#11 Ngazi_za_Kasarani
Mnakwenda hadi Durban na mfano uko Thika Road hapa.

CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani), Agosti 2025. Moroko wanaingia Kasarani tarehe 10, Ryan Ogam anawafunga kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo anakula nyekundu, Harambee Stars wanakaba kipindi kizima cha pili wakiwa kumi. 1-0. Jioni ile mtu angekuambia Moroko ndio mabingwa ungemcheka. Wakaifunga Zambia 3-1, wakaifunga Kongo 3-1, wakaifunga Tanzania 1-0, wakawatoa Senegal kwa penalti, na tarehe 30 wakarudi Kasarani hiyo hiyo kuilaza Madagaska 3-2 kwenye fainali.

Lakini kipigo kile hakikuwa bure, na hili watu wengi hawakuliona. Kenya walimaliza kundi na pointi 10, Moroko 9. Kwa kuwa wa pili, Moroko wakapangiwa Tanzania, tena Dar es Salaam, mbele ya mashabiki wao. Nusu fainali ikawa Kampala. Kisha fainali Nairobi. Sisi wa kwanza tukabaki nyumbani na Madagaska. Kwenye mashindano ya makundi, bei ya kipigo mara nyingi ni njia: unapewa mpinzani mgumu, ndege zaidi, siku za mapumziko chache. Moroko walikuwa na kikosi cha kulipa bei hiyo.

Na sisi? Hatukufungwa mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo. Kongo 1-0, Angola 1-1, Moroko 1-0, Zambia 1-0, Madagaska 1-1. Tukatolewa kwa penalti 4-3. Kutofungwa nako hakulipi karo.

#12 Mama_Derby
😂😂 Ngazi, umetuchoma bila ganzi.

#13 Kanuni_Kwanza
Ngazi amegusa makundi, niongeze hapo, kwa sababu watu huchanganya ligi na makundi na mtoano.

Mtoano wa mechi moja: ukifungwa umekwenda, hakuna uzi.

Makundi: inategemea wanapita wangapi. AFCON ya timu 24 ina makundi sita, wanapita wawili wawili na timu nne bora kati ya zilizo nafasi ya tatu. Kodivaa wakiwa wenyeji walishinda moja 2-0, wakafungwa 1-0 na Nigeria, wakaaibishwa 4-0 na Guinea ya Ikweta tarehe 22 Januari 2024. Pointi 3, mabao hasi 3. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka katikati ya mashindano, Emerse Faé akashika timu. Walipita kwa sababu Moroko waliifunga Zambia 1-0 siku mbili baadaye. Kisha Senegal kwa penalti, Mali 2-1 katika muda wa ziada wakiwa kumi, Kongo 1-0, na fainali Nigeria hao hao 2-1. Zingekuwa zile AFCON za timu 16, wa tatu hapiti. Kodivaa wangeangalia robo fainali kwenye televisheni. Kombe la Dunia la timu 48 nalo lina makundi 12 na wa tatu bora wanane wanapita, kwa hiyo kipigo cha ufunguzi kimeshuka bei kuliko zamani.

Ligi: soma kanuni ya kulingana pointi KABLA hujaanza kulia au kushangilia. Kuna ligi zinazoangalia kwanza tofauti ya mabao, kuna zinazoangalia kwanza mechi za wao kwa wao. Uhispania 2006/07 Real Madrid na Barcelona walimaliza na pointi 76 kila mmoja. Barcelona walikuwa na tofauti ya mabao 45, Madrid 26. Kombe likaenda Madrid, kwa sababu mechi zao wawili zilikuwa 2-0 ya Madrid na 3-3. Hapa kwetu msimu wa 2021/22 Tusker na Kakamega Homeboyz walilingana pointi, wanamvinyo (Tusker) wakabeba kwa mabao.

Ligi ya mabingwa Afrika nayo hutumia ya wao kwa wao kwenye makundi. Al Ahly 2022/23 walifungwa 1-0 na Al-Hilal ya Sudan, wakabamizwa 5-2 na Mamelodi Sundowns. Watu wakawazika. Mechi ya mwisho wakaifunga Al-Hilal 3-0 Cairo, wakalingana pointi 10, lile 3-0 likafuta lile 1-0, wakapita, na mwishowe wakabeba kombe mbele ya Wydad. Zile tano za Sundowns hazikuwagharimu kitu kwenye kuvunja sare yao na Al-Hilal, kwa sababu Sundowns hawakuwa kwenye hesabu hiyo.

#14 Hesabu_za_Umoja
Kanuni, ahsante, maana nilitaka kufika kwenye mabao. Kalamu amesema kinara alifungwa 1-0. Hiyo 1-0 ina maana kubwa. Watu husema kipigo ni kipigo, moja au sita. Si kweli kama ligi inatumia tofauti ya mabao.

Manchester United 1-6 City, Old Trafford, 23 Oktoba 2011. Mwisho wa msimu wote wana pointi 89. City wamefunga 93, wamefungwa 29, tofauti 64. United wamefunga 89, wamefungwa 33, tofauti 56. Pengo ni mabao 8.

Sasa rudisha mechi ile ile iwe 1-2. United bado wamefungwa, pointi ni zile zile, kila kitu kingine kimebaki kilivyo. City wanapungukiwa mabao manne: 89 kwa 29. United wanapunguziwa manne ya kufungwa: 89 kwa 29. Wanalingana pointi, wanalingana tofauti, wanalingana hadi mabao ya kufunga! Kanuni za wakati ule zingewapeleka kwenye mechi ya mchujo uwanja wa tatu.

Na mabao yenyewe yaliingia vipi? Jonny Evans alikuwa ametolewa nje mapema kipindi cha pili. Fletcher akafunga dakika ya 81, ikawa 3-1. United wakiwa kumi wakajaa mbele kutafuta la pili. Kuanzia dakika ya 89 wakapigwa matatu: Džeko, Silva, Džeko. Ukiwa chini kwa mawili, uko kumi, zimebaki dakika tano, na ligi ina miezi saba mbele, kazi yako ni kufunga mlango. Wachezaji wakubwa huona aibu kufunga mlango, na ile aibu huja kulipwa Mei.

#15 Benchi_la_Ufundi
Kuna upande mwingine wa jambo hilo. Mabao unayoyapoteza utalazimika kuyatafuta baadaye, na kuyatafuta ni hatari. Liverpool baada ya kile kipigo cha Chelsea alichokitaja Damu walikwenda kwa Crystal Palace tarehe 5 Mei 2014. Wakawa mbele 3-0. Badala ya kuituliza mechi wakaendelea kusaka mengine, kwa sababu City walikuwa mbali kwa tofauti ya mabao. Palace wakapata moja dakika ya 79, la pili dakika ya 81, la tatu dakika ya 88. 3-3. Kipigo cha Chelsea kiliwanyima pointi tatu, na hofu yake ikawanyima mbili zaidi. Ukiniuliza ni lini kipigo kinaua kweli, nitakuonyesha mechi hiyo ya pili.

#16 Mkeka_Umechanika
Kwa wale wenzangu wa kubashiri: msiangalie odi kama mashabiki. Odi ya ubingwa igeuze asilimia: gawanya 1 kwa odi. Mfano wa kubuni: kinara 1.60, wa pili 2.60, wengine wote kwa pamoja 15. Hizo ni 62.5, 38.5 na 6.7, jumla 107.7. Ile 7.7 ya juu ni ya kampuni. Gawanya 62.5 kwa 107.7, nafasi halisi ya kinara kwenye macho ya soko ni 58 kwa mia.

Baada ya kipigo odi ikiwa 2.00 kwa 2.00, na wengine 15, kinara ameshuka hadi karibu 47. Linganisha na hesabu zako mwenyewe. Ukiona soko limeshuka kuliko pointi zinavyoeleza, uliza kwanza kuna majeruhi gani. Mara nyingi habari iko kwenye goti la mtu, wala haiko kwenye msimamo.

#17 Kalamu_Nyekundu
Nimeshiba. Sasa nirudisheni kwenye swali langu: 52 kwa 50, mechi tisa, moja ya wao kwa wao. Kinara anahitaji nini hasa? Na hiyo mechi yao iko raundi ya 33, uwanja wa mpinzani.

#18 Hesabu_za_Umoja
Akishinda zote nane nyingine, hahitaji kushinda derby, yaani hiyo mechi yao wawili. Hata mpinzani naye akishinda nane zake, sare inatosha: 52 na 24 na 1 ni 77, mwenzake 75. Akifungwa derby tu ndipo anapitwa: kinara 76, mpinzani 77. Kwa hiyo bado kombe liko mikononi mwake. Hahitaji dua ya mtu.

Kabla ya raundi ya 33 kuna mechi saba. Nafasi yake ya kukosea ni ndogo: sare moja wakati mwenzake hadondoshi inafuta pengo lote, wanaingia derby wakiwa sawa kwa pointi, na sare ya derby itawaacha wakilingana. Sare mbili wakati mwenzake hadondoshi, basi anaingia derby akiwa nyuma kwa pointi mbili, na hapo lazima ashinde ugenini.

#19 Benchi_la_Ufundi
Na ratiba ya hizo saba iangaliwe kwa jicho la timu za chini. Kuelekea mwisho wa ligi, timu ya nafasi ya 9 isiyo na cha kupoteza wala kupata ni rahisi kuliko ya nafasi ya 16 inayokimbia shoka. Kama kinara amebakiza nne za namna hiyo, asiwakute na kikosi kilichochoka. Wale watatu wa nyuma ya mpira niliowasema, hapo ndipo watakapolipa.

#20 Damu_ya_Ingwe
Raundi ya 33 ugenini, na beki wake wa kulia bado anapanda kila dakika? Mimi jibu langu la #2 silifuti.

#21 Kanuni_Kwanza
Kalamu, hujasema ligi yako inavunjaje sare ya pointi. Weka kanuni hapa, mechi yao ya mzunguko wa kwanza iliishaje, na tofauti ya mabao ya wote wawili. Bila hivyo hesabu ya Hesabu ina tundu moja.

#22 Kalamu_Nyekundu
Tofauti ya mabao kwanza. Kinara ana 21, mpinzani 24. Mzunguko wa kwanza walitoka 1-1.

#23 Hesabu_za_Umoja
Basi wakilingana pointi yuko nyuma kwa matatu. Jumamosi akiwa mbele 2-0 dakika ya 80 asitoe mshambuliaji aingize beki, isipokuwa miguu imekwisha.